Ghala la Nala na sizalifti ya mita 12: uchambuzi wa kisa

Ombi lilikuwa la mstari mmoja, lilitumwa kwa simu kwa wakodishaji watatu kwa mpigo: "Tunahitaji sizalifti ya mita 12, mwezi mmoja, Dodoma, tupe bei." Sizalifti ni jukwaa la kupandisha mafundi kwa mikono ya chuma inayofunguka kama mkasi. Mkandarasi alikuwa anamalizia ghala la alizeti na mafuta yake huko Nala, upande wa barabara ya Singida. Mimi niliitwa kama mratibu wa mitambo wakati profoma (ankara za bei) zilikuwa zimeshafika mezani na bosi ameshaipenda moja. Hakuna aliyeanguka katika kisa hiki, wala hakuna mashine iliyopinduka. Nimeona kinafaa kuchambuliwa kwa sababu watu wote waliokuwa wanabishana mezani walibishana juu ya urefu wa paa, na urefu ulikuwa swali jepesi kuliko yote. Mashine ilichaguliwa na sakafu.

Jengo ni fremu ya chuma yenye upana wa mita 24 na urefu wa mita 60, paa la pande mbili lenye mwinamo wa nyuzi 10. Kazi za juu zilizobaki zilikuwa nne: mabomba ya springla (ya kunyunyizia maji ya kuzima moto) ambayo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lingekuja kuyakagua, trei za nyaya na taa, mabati ya ukuta wa mashariki pamoja na gata lake la maji ya paa, na dari ya ofisi zilizojengwa juu ya slabu ya ghorofa ya kwanza, kwenye kona moja ndani ya ghala. Fomeni alizijumlisha zote kwenye karatasi moja, akaandika juu yake "kazi za lifti". Karatasi hiyo ndiyo iliyozaa ombi la mstari mmoja.

Tuanze na hizo mita 12. Mchoro ulionyesha kilele cha tundu la hewa juu ya kofia (mgongo wa paa) kikiwa mita 11.1. Bosi akaongeza karibu mita moja "ya usalama". Lakini mchoro ulihesabu kutoka usawa wa ardhi ya nje. Ndani, sakafu imeinuliwa mita 1.2 ili iwe sawa na ubao wa lori linapokuja kupakia. Tena hakuna fundi aliyekuwa na kazi juu ya bati. Kazi ilikuwa chini ya vyuma vinavyobeba mabati. Tulipopima kwa futi ya leza kutoka sakafuni, chini ya kofia palikuwa mita 9.3, na pembeni, paa linapokutana na ukuta, mita 7.2. Kati ya 12 na 9.3 kuna tofauti ya madaraja mawili ya mashine.

Jambo la pili ni namna wauzaji wanavyohesabu. Urefu wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye profoma ni urefu wa jukwaa ukiongeza mita 2, yaani kimo cha mtu aliyenyoosha mikono. Kwa hiyo mtu akisema "mita 12" bila kufafanua, mkodishaji mmoja atamletea jukwaa la mita 10, mwingine jukwaa la mita 12, na wote wawili watakuwa wamejibu swali. Jina la mashine husaidia zaidi. Watengenezaji wengi huandika namba nne: mbili za kwanza ni urefu wa jukwaa kwa futi, mbili za mwisho ni upana wa mashine kwa inchi. 1932 ni futi 19 kwa inchi 32. 2646 ni futi 26 kwa inchi 46. 3246 ni futi 32 kwa upana uleule. Ukiijua hesabu hiyo unaweza kusoma profoma ya mtu yeyote bila kumpigia simu.

Futi 26 ni mita 7.9, ongeza 2, unapata 9.9. Fundi wa taa aliyesimama hapo anafika kwenye kofia ya ghala hili akiwa na nafasi ya kubaki. Profoma mbili kati ya tatu zilikuwa za daraja la futi 40, mashine ya umeme inayopita tani tatu, na kila mkodishaji alikuwa ametoa kwa nia njema kile alichoombwa.

Bosi hakuona ubaya. "Injinia, kubwa inafanya kazi ya ndogo. Ndogo haifanyi ya kubwa." Kwa winchi au kijiko hoja hiyo ina ukweli. Kwa sizalifti haina, kwa sababu ya mzigo. Mikono ya mkasi ikirefuka, uzito unaoruhusiwa juu hupungua katika mashine za familia moja. Daraja la 2646 kwa watengenezaji wakubwa hubeba kilo 454. 3246, yenye upana uleule, hubeba kilo 318. Mafundi wawili na zana zao ni kama kilo 200. Bomba la chuma la inchi 4, la kawaida la springla, lina takriban kilo 16 kwa mita, hivyo urefu wa mita 6 ni kilo 96. Kwenye 3246 baada ya mafundi kupanda kunabaki kilo 118: bomba moja tu. Kwenye 2646 kunabaki kilo 254.

Niseme ukweli wote, hesabu hiyo ilitumika kumshawishi bosi lakini baadaye haikuwa na uzito nilioipa. Bomba la mita 6 halikai vizuri kwenye jukwaa la mita 2.4. Ukililaza juu ya reli za pembeni umeshaifanya sizalifti kuwa winchi, na haikutengenezwa iwe winchi. Bila vishikio vya mabomba vinavyotoka kwa mtengenezaji mwenyewe, usijaribu. Tulikubaliana mabomba makubwa yapandishwe kwa cheni bloku (kapi la mnyororo) kutoka kwenye mihimili, kwa sehemu zilizoidhinishwa na mhandisi wa chuma, na lifti iwe ya mafundi wanaofunga viungo tu. Uwezo uliobaki ukatumika kwa trei za nyaya, viungo vya chuma na mabomba membamba ya inchi moja yaliyokatwa vipande. Halafu kuna ile sehemu ya jukwaa inayosukumwa mbele: uwezo wake ni mdogo kuliko wa jukwaa zima, katika daraja hili kilo 113 hadi 120. Maana yake ni mtu mmoja na zana chache. Kibao kimebandikwa pale pale, na sijaona eneo la ujenzi ambako mafundi wanakisoma bila kuonyeshwa.

Profoma ambayo bosi aliipenda ilikuwa ya tatu. Mashine ya dizeli, ya ardhi mbovu, magurudumu manne yanayovuta na miguu ya kuegemea, ilikuwa tayari iko Dodoma mjini. Tangu Serikali ihamie na mji wake wa Mtumba uanze kujengwa, mitambo mingi inabaki huku kati ya mradi mmoja na mwingine. Kuikodi kungeokoa nauli ya lori kutoka Dar es Salaam, kilomita kama 450 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kwa kodi ya mwezi mmoja nauli hiyo si ndogo, na sikumlaumu bosi kwa kuihesabu.

Lakini mashine ile ilikuwa na upana wa zaidi ya mita 1.7, na kati ya nguzo za ofisi na ukuta kulikuwa na mita moja na nusu. Moshi wa dizeli ndani ya ghala lenye milango iliyofungwa kwa sababu ya vumbi ni hewa ya sumu, na mafundi wako juu, mahali hasa hewa ya moto inapokusanyika. Matairi yake yangechora sakafu ambayo mteja alitaka ipakwe epoksi. Sifa yake kubwa, ya kupita kwenye ardhi isiyosawazishwa, ilivutia kwa sababu moja tu: theluthi ya ghala ilikuwa haijamwagwa zege. Ilikuwa mawe na kifusi. Hapo ndipo mjadala ulipogeuka, maana swali halikuwa tena ni mashine gani itapita juu ya mawe. Lilikuwa ni kwa nini mawe bado yapo.

Fomeni, mzee wa kazi aliyejenga maghala mengi kuliko mimi, alikuwa na desturi ya kumwaga sakafu mwisho, ili vipande vya kuchomelea, rangi na nyundo zinazodondoka visiiharibu. Desturi hiyo ina akili kama kazi ya juu inafanyika kwa skafoldi. Ukileta sizalifti ya umeme, sakafu inakuwa sehemu ya mashine. Mashine hizi zimeundwa kwa sakafu ngumu na sawa. Chini ya tumbo lake kuna vyuma viwili vinavyoshuka pale jukwaa linapoanza kupanda, na kubaki sentimita chache tu kutoka sakafuni, ili gurudumu likitumbukia kwenye shimo mashine ikae juu ya chuma badala ya kulala. Kokoto zikizuia vyuma hivyo kushuka, mashine inagoma kupanda zaidi ya mita mbili hivi. Kwenye kifusi ingegoma siku nzima.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa kisa hiki haukuwa wa kukodi. Ulikuwa wa kubadilisha ratiba: kumwaga theluthi iliyobaki kwanza, kuleta mashine baadaye, na wakati zege linapata nguvu mafundi watayarishe mabomba na trei chini. Mzee alikubali kwa sharti kwamba sakafu ifunikwe kwa mbao nyembamba popote panapochomelewa juu yake. Sharti zuri, likaandikwa.

Jamvi la sakafu lilikuwa la milimita 150 na wavu wa nondo, limeandikiwa folklifti ya tani tatu. Kwa nguvu, halikuwa na wasiwasi wowote. Folklifti ya aina hiyo ikiwa imebeba, ekseli ya mbele peke yake inapata tani sita na zaidi. Sizalifti yetu, 2646 ya umeme tuliyoikodi mwishowe, ilikuwa na kilo 2,450 kwenye kibao, ukiongeza mzigo wote ni kama kilo 2,900. Mimi huchukua asilimia 40 ya uzito wote kuwa juu ya gurudumu moja, kwa tahadhari, na hiyo inatoa kilo 1,160. Shida ilikuwa umri wa zege. Kipupwe cha Dodoma ni kikavu na kina upepo. Maji yanakimbia juu ya zege kabla halijashika, na nyufa nyembamba zinaanza jioni ileile. Tulimwaga alfajiri, tukafunika kwa nailoni, kesho yake magunia na boza la maji mara kadhaa kwa siku. Kyubu (vipande vya majaribio vya zege) za siku 14 zilipovunjwa maabara na mhandisi kuridhika, mashine ikaruhusiwa kuingia.

Kuingia kwenyewe kulikuwa rahisi kuliko tulivyohofia. Sakafu iko mita 1.2 juu ya ardhi, na mmoja wa vijana alikuwa ameshaanza kushindilia rampu ya kifusi. Sizalifti ya umeme ikiwa imeshushwa hupanda mwinamo wa hadi asilimia 25, hivyo rampu ingehitaji si chini ya mita 4.8, na kwa akili mita nane. Lakini ubao wa lori una kimo karibu kilekile cha gati la kupakia. Lori lilirudi nyuma likagusa gati, bamba nene la chuma likawekwa kati yake, mashine ikatembea moja kwa moja hadi ndani. Rampu ikaishia hapo hapo.

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda. Ya pili, mashine ikaanza kuchoka. Kufika saa nane mchana jukwaa linapanda kwa kusuasua, taa ya betri nyekundu, na mafundi wakaanza kusema mkodishaji ametuletea mzigo mbovu. Tulifungua. Betri nne za volti 6, jumla volti 24, zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa jenereta. Umeme wa mradi ulikuwa haujaunganishwa, mashine ilichajiwa usiku kwa jenereta, na mlinzi alikuwa na maagizo ya kuzima saa tano ili kubana dizeli. Chaja ya mashine hizi inahitaji saa sita hadi kumi. Betri za risasi zikiachwa nusu kila siku hazikai nusu. Zinapungua uwezo kidogo kidogo, na baada ya muda hata ukizichaji usiku kucha hazirudi zilivyokuwa.

Mlinzi alikuwa ametii alichoambiwa. Hesabu ndiyo haikufanywa: kujaza betri zile kutoka karibu tupu kunakula kama yuniti saba za umeme. Yuniti saba! Jenereta ya kVA kadhaa ilikuwa inanguruma nusu usiku kwa mzigo wa pasi moja ya nguo. Jirani, mwenye kiwanda kidogo upande wa pili wa uzio, alikuwa na LUKU. Tukavuta waya unaostahili, tukaweka mita ndogo ya kuhesabia, tukamlipa kwa yuniti. Jenereta ikalala. Ningependa swali la "itachajiwa wapi na nani atakesha nayo" liwe kwenye kila profoma, kabla hata ya bei. Na maji ya betri yawe ya dukani, yaliyosafishwa, yaongezwe baada ya kuchaji; maji ya visima vyetu Dodoma yana chumvi ambayo chai inaweza kuivumilia lakini betri haiwezi.

Kisha kukatokea mgomo wa mashine, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo mafundi wazuri hufanya jambo la hatari kwa nia ya kumaliza kazi.

Upande wa kaskazini wa ghala kuna sehemu ya kuoshea vyombo. Sakafu yake imelazwa kwa mwinamo wa asilimia 2 kuelekea mfereji. Kwa macho huoni kitu. Mashine iliingia, ikapanda kidogo, king'ora kikalia, ikagoma. Ikasogezwa hatua mbili, ikapanda. Ikarudishwa, ikagoma. Fundi umeme mmoja, kijana mwerevu, akagundua kwamba kuna kihisi cha mwinamo, na kwamba kwa kipande cha waya kinaweza kudanganywa. Alikuwa ameshafungua kifuniko.

Hesabu ni hii. Mashine za daraja hili huruhusu mwinamo wa nyuzi 1.5 ubavuni na nyuzi 3 kwa urefu wake, mbele na nyuma. Mwinamo wa asilimia 2 ni nyuzi 1.15. Kwa hiyo mashine ikiwa imesimama ubavu kuelekea mfereji ilikuwa imebakiwa na theluthi moja ya nyuzi. Sasa weka kipande cha zege cha sentimita moja chini ya magurudumu ya upande wa juu: upana wa mashine ni kama mita 1.1, kipande hicho kinaongeza nusu nyuzi. Jumla 1.65. King'ora. Ondoa kipande, kimya. Ndiyo maana ilionekana kama mashine ina mapepo. Na jukwaa likiwa karibu mita nane juu, mwinamo ambao chini hauonekani unalisogeza jukwaa zima upande wa bonde, pamoja na mafundi wanaoinama kuelekea upande huohuo kufikia bomba.

Dawa yake haikuhitaji waya. Tulifagia. Kisha tukageuza mashine, ikatazama mfereji kwa urefu wake badala ya ubavu, ikawa na nyuzi 3 za kuchezea. Haikugoma tena sehemu ile. Kifuniko kikarudishwa, na mkodishaji akaombwa aje aweke lakiri yake, kwa sababu mashine iliyowahi kufunguliwa kihisi siipandishi mtu hadi mwenye nayo aikague.

Dari ya ofisi iliamuliwa kwa dakika chache, ingawa kwenye karatasi ya fomeni ilikuwa na lifti yake. Slabu ya ofisi iliandikwa kubeba kilonyutoni 2.5 kwa mita ya mraba, kama kilo 250, kiwango cha kawaida cha ofisi katika kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wetu wengi bado wanazitumia. Watu walipendekeza "basi tulete ile ndogo, 1932". Ndogo ina kama kilo 1,500 tupu, ikibeba kilo 227 inafika 1,730, na inasimama juu ya eneo la mita ya mraba moja na nusu. Kilo zaidi ya 1,100 kwa mita ya mraba. Kubwa yetu, kwa kuwa miguu yake imetawanyika zaidi, ilitoa kama kilo 1,000. Udogo wa mashine haupunguzi msukumo wake kwenye kila mita. Unapunguza jumla tu. Mhandisi angeweza kukokotoa kama boriti zinahimili jumla hiyo, na huenda zingehimili, lakini dari yenyewe ilikuwa mita 2.9. Mafundi wa jipsamu walitumia vibenchi vya aluminiamu wakamaliza bila kujua kwamba kulikuwa na mjadala.

Kuhusu waendeshaji sina mengi. Nakala ya ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, ya mashine tuliiomba kabla ya kulipa, si baada ya kushushwa. Waendeshaji wawili walitoka na mafunzo. Mmoja alikuwa na kadi ya IPAF, shirikisho la kimataifa la mashine za kupandisha watu, ya kundi 3a, linalohusu mashine zinazopanda wima na kutembea zikiwa juu. Kilichokosekana, na hukosekana karibu kila mahali, ni mtu wa chini anayejua valvu ya kushusha kwa dharura iko wapi. Jukwaa likizima juu na mwendeshaji akazimia, kuwa na watu kumi chini wasiojua wavute nini ni sawa na kutokuwa na mtu. Tulimfundisha kijana wa stoo, na kila asubuhi alishusha jukwaa tupu kwa mkono kama sehemu ya ukaguzi. Hatari nyingine iliyotusumbua ilikuwa kutembea na jukwaa limeinuliwa chini ya mihimili. Mtu anaangalia mbele, boriti inakuja kutoka nyuma ya kisogo, na reli ya jukwaa iko kifuani mwake. Ukiwa chini ya chuma, shuka kwanza, sogea, ndipo upande.

Umebaki ukuta wa mashariki, ambao bosi aliamini ndio uliohitaji mashine kuliko yote, na ambao mpaka leo mimi na fomeni hatujakubaliana.

Gata liko mita 8.4 kutoka ardhi ya nje. Mita moja na nusu kutoka ukutani kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, umefukiwa kwa kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri. Sizalifti inapanda wima tu. Haina mkono wa kuvuka kitu. Ama isimame juu ya mtaro, ama isimame nyuma yake na fundi asifike. Ya umeme haikufaa kwa kazi hiyo ya nje: mashine nyingi za aina yake zina namba mbili kwenye kibao, watu wawili ndani na mmoja nje, na nyingine nje ni sifuri. Ya dizeli ingeruhusiwa kwa upepo wa hadi mita 12.5 kwa sekunde, kilomita 45 kwa saa. Mchana wa Agosti Dodoma una upepo, na hapo hujashika bati.

Bati la ukuta la mita 6 kwa sentimita 90 ni tanga la mita za mraba 5.4. Upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, kwa hewa nyepesi ya kimo chetu cha mita 1,100 na kitu, unalisukuma kwa zaidi ya nyutoni 450. Ni kama mfuko wa saruji unaokuvuta ubavu. Viwango vya Ulaya vinakadiria nguvu ya mkono ya ubavu kuwa nyutoni 400 kwa watu wawili jukwaani, 200 kwa mmoja. Hata upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao fundi atauita wa kawaida, unafikisha karibu 200 kwa bati moja. Kwa hiyo kikomo cha kibao ni cha watu na zana, si cha watu na mabati. Tulinunua kipima upepo cha mkononi, na kwa wiki ile kilionyesha kwamba saa za kufunga mabati kwa mashine zingekuwa kuanzia alfajiri hadi kama saa nne asubuhi.

Tukafunga skafoldi ya vyuma, vyumba vitatu, imefungwa kwenye nguzo za jengo, miguu juu ya mbao nene zilizovuka mtaro, ikihamishwa kadiri kazi inavyosonga. Na mabati bado yalipandishwa asubuhi tu. Skafoldi ilitupa mchana wa kufunga gata, misumari na viungo. Ilichukua muda zaidi ya niliokadiria, hasa kuhamisha.

Mzee anasema kama mtaro ungemaliziwa na kufunikwa kwa slabu mapema, mashine ya dizeli ingekaa vizuri na ukuta ungeisha kwa siku chache, upepo au usiwe upepo. Kuhusu mtaro yuko sahihi kabisa. Ulipaswa kumalizwa kabla ya mabati. Kuhusu upepo nimemwachia kipima upepo, naye amekitundika ofisini kwake, na akinipigia simu asubuhi hunisomea namba kabla ya salamu.